Ubao Haunisukumi

Jumatatu, 4 Machi
Wifi ameniachia mtoto na daftari. Mtoto nitakaa naye miezi miwili, mpaka mama yake amalize masomo ya uuguzi. Baba yake, ambaye ni kaka yangu, anaendesha malori ya masafa marefu na nyumbani hupita tu kama mgeni. Daftari ni la kuandika maendeleo ya jimnastiki. "Andika kila kitu, wifi, nikirudi nisome." Nikamwambia mimi ni fundi wa makochi, si karani. Akacheka, akaliacha mezani, akaenda zake.

Haya, naandika. Mtoto ana miaka tisa na kilo ishirini na mbili. Jina lake lipo kwenye cheti cha kuzaliwa, lakini halina kazi; wote wanamwita Nukta. Mazoezi ni Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, kwenye ukumbi ulio nyuma ya shule. Kujipinda anajua, kutembea juu ya boriti anajua, kuning'inia kwenye vyuma usiseme. Kinachomshinda ni kuruka meza. Unakimbia, unakanyaga ubao wenye springi, ubao unakurusha, unaweka mikono juu ya meza, unapinduka na kutua kwa miguu upande wa pili. Nukta anakimbia vizuri, anakanyaga ubao, halafu anaishia kukaa juu ya meza kama mtu anayesubiri chai.

Tarehe 27 Aprili kuna mtihani. Asiyepita anarudishwa kundi la wadogo kwa muhula mzima. Haya aliniambia mwenyewe wakati anafunga kamba za viatu, bila mimi kumuuliza. Alisema kule harudi, piga ua.

Jumatano, 6 Machi
Mvua imeanza. Amejaribu mara tisa. Amekaa juu ya meza mara tisa.

Jumamosi, 9 Machi
Nimezungumza na Mwalimu wao. Ni kijana mwembamba mwenye filimbi shingoni ambayo sijawahi kumsikia akiipiga. Ana miaka miwili ukumbini hapa. "Shangazi," akaniambia, "mwili anao. Tatizo ni woga. Akifika kwenye ubao anajizuia." Nilikubaliana naye. Jimnastiki siijui, lakini woga nauona usoni kwa kila bwana harusi anayekuja kuagiza makochi.

Jumatatu, 11 Machi
Baada ya shule Nukta hukaa karakanani kwangu. Hufanya hesabu zake juu ya kochi lolote ambalo bado halina kitambaa, na nikimwomba ananishikia kamba. Leo nikamuuliza anaogopa nini.

"Siogopi."

"Basi kwa nini huvuki?"

"Ubao haunisukumi."

"Mbona wenzako unawasukuma?"

"Sijui. Waulize wao."

Mdomo huo amerithi kwa baba yake.

Jumatano, 13 Machi
Mvua. Mara kumi na moja. Hakuvuka.

Jumamosi, 16 Machi
Wenzake wamemtungia mzaha. Akikaa tu juu ya meza, yule msichana mkubwa kuliko wote anasema, "Kochi la Shangazi hilo! Kaa vizuri uletewe kahawa." Wote hoi. Na mimi nilicheka, sikuweza kujizuia. Nukta aliniona.

Jumatatu, 18 Machi
Mara nane.

Jumatano, 20 Machi
Maji yameingia ukumbini. Hakuna mazoezi. Nimemaliza viti sita vya ofisi.

Jumamosi, 23 Machi
Kaka amepiga simu kutoka njiani. "Mwambie aache woga, Dada. Ukoo wetu hauna watu waoga." Nikamkumbusha kuna mtu wa ukoo wetu aliwahi kukimbizwa na bata mpaka akapoteza kiatu. Simu ikakatika, au aliikata.

Jumatatu, 25 Machi
Leo ulimi umeniponyoka.

Mwalimu aliwapanga wasichana saba. Sita wakavuka. Nukta akakimbia, akakanyaga, akakwama, akakaa. Akarudi nyuma, akakimbia, akakwama tena. Mara ya tano alisimama mbele ya ubao, akaubonyeza kwa kisigino, akamwambia Mwalimu, "Huu ubao ni mgumu." Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu akasema ubao ni ule ule kwa wote.

Mimi nilikuwa kwenye benchi la wazazi. Nilishinda kutwa nikivuta kitambaa cha kochi la watu watatu na mgongo ulikuwa ukiniuma. Nikashtukia nimesimama. Nikasema kwa sauti iliyofika mwisho wa ukumbi, "Acha kuusingizia ubao! Mwoga we! Sema unaogopa, yaishe!"

Kuna mama mmoja hufuma sweta kila siku, hata aanguke nani. Leo aliacha kufuma.

Nukta alinitazama. Kisha akasema, wala si kwa sauti kubwa, "Haya. Naogopa." Akaenda kukaa kwenye godoro la pembeni.

Njiani nilimnunulia biskuti, akazibeba mpaka nyumbani bila kuzifungua. Nikajiambia nimefanya la maana, mtoto amekiri, na sasa tutaanzia hapo. Nimeliandika kwa sababu niliambiwa niandike kila kitu.

Jumatano, 27 Machi
Mara sita. Hasemi tena habari za ubao.

Jumamosi, 30 Machi
Mara saba. Mvua.

Jumatano, 3 Aprili
Nilipomwogesha nimeona alama nyeusi kwenye nyonga, zote mbili, pale anapogonga ukingo wa meza. Nikampaka dawa. Hakulia. Nikamwambia akitaka tuache, tuache, mama yake nitamweleza mimi. Akasema, "Bado wiki tatu." Nikasema sawa.

Jumamosi, 6 Aprili
Leo alikimbia kuliko siku zote. Akakanyaga ubao kwa nguvu zake zote, tumbo likagonga meza, pumzi ikakata. Mwalimu alimbeba mpaka benchini. Alipoanza kuvuta hewa akanyanyuka, akarudi kwenye foleni.

Mtu mwoga harudi kwenye foleni. Nililiwaza hilo pale benchini na sikulipenda, nikaanza kuwaza oda za wiki ijayo.

Jumatano, 10 Aprili
Mvua ya leo ilimwagwa kwa ndoo. Tulipofika ukumbini paa lilikuwa linavuja katikati ya njia ya kukimbilia. Mwalimu akavunja mazoezi, akaomba wazazi tusaidie kusogeza vifaa. Magodoro kwanza, kisha meza, watu wanne. Mimi nikapewa ubao wa kurukia, maana unabebeka na mtu mmoja mwenye mikono ya kazi. Nikauinua niuegemeze ukutani, na kwa mara ya kwanza nikauona upande wa chini.

Springi nane. Si za michezo. Ni springi za kochi, za waya mnene, zile ninazoweka kwenye makochi ya ofisini ambako watu wazito hukaa kutwa. Zimefungwa kwa kamba ya katani, na mafundo yote yamelala upande wa kushoto.

Mimi natumia mkono wa kushoto. Sijaona fundi mwingine anayefunga hivyo.

Ikanirudia yote. Miaka mitatu iliyopita mlinzi wa ukumbi, ambaye siku hizi amestaafu, aliniletea karakanani kitu kama meza fupi ya mteremko, kimevuliwa zulia, springi zake sita zimechoka. Akasema ni cha watoto kurukia. Nilichosikia mimi ni "watoto" na "kurukia", nikajua watakivunja. Nikatoa zile sita, nikatia nane, tena nene. Nikamwambia mlinzi, "Hii haifi leo wala kesho." Nilijipiga kifua kabisa. Sikuuliza hao watoto wana kilo ngapi. Kwenye kazi yangu unauliza uzito wa baba mwenye nyumba, ukimtosha yeye umewatosha wote.

Niliupiga ubao kwa kiganja, haukusogea. Nikaubonyeza kwa goti, na mimi nina kilo themanini na mbili. Ukashuka kwa shingo upande. Wenzake wote sita ni wakubwa kwake, wana kilo arobaini na miguu mirefu, ubao unawasukuma kidogo. Nukta ni kama anakanyaga sakafu.

Wiki tano na ushee. Mtoto alisema kweli siku ya kwanza aliyoulizwa, na aliyemuuliza ni mimi.

Niliuegemeza ubao huku springi zikitazama ukuta. Mwalimu akaniambia asante, Shangazi. Nikamwambia usijali.

Jumamosi, 13 Aprili
Nimemwambia Mwalimu. Yaani nimemwambia nusu.

Nilimwita pembeni nikamwomba augeuze ubao, maana kama fundi nashuku springi zake ni ngumu kwa mtoto mdogo. Akaugeuza, akashika kichwa. "Ala! Mjinga gani huyu aliyetia springi za kochi humu?"

Nikasema, "Mafundi wa siku hizi, Mwalimu, we acha tu."

Nukta alikuwa hatua mbili nyuma yangu.

Nikajitolea kuzibadilisha. Mwalimu akanitangaza mbele ya wote, na wazazi wakanipigia makofi. Nimepigiwa makofi kwa kosa langu mwenyewe. Nilitabasamu.

Nyumbani Nukta akasema, "Si nilisema?"

"Ulisema."

"Ukaniita mwoga."

"Nilikuita."

"Mbele ya watu."

Nikamwambia ngoja nikaangalie jikoni.

Jumapili, 14 Aprili
Nimeuleta ubao karakanani. Nimekata kamba zote, nimetoa zile nane, nimetia sita za waya mwembamba. Kazi ya nusu siku. Nukta alinishikia kamba. Aliokota kipande cha ile ya zamani chenye fundo, akakiangalia sana, akaliangalia na fundo nililokuwa nafunga. Kisha akakitupa kwenye pipa.

Jumatatu, 15 Aprili
Amepaa.

Siwezi kuandika vinginevyo. Alikanyaga ubao na ubao ukamrusha, mikono ikagusa meza, miguu ikapita juu ya kichwa, akatua upande wa pili kwa magoti. Ukumbi mzima ukapiga kelele. Yule msichana mkubwa alisema "Loo!" na hakuongeza kitu. Nukta mwenyewe hakufurahi. Alisimama pale akiitazama meza, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

Jumatano, 17 Aprili
Nilidhani yamekwisha, kumbe wapi.

Jaribio la kwanza leo lilimpeleka juu kupita kiasi. Mwili ulizoea kulazimisha, na sasa hakuna cha kulazimisha. Mkono mmoja ukaikosa meza. Akazunguka hewani akaangukia mgongo kwenye godoro, kishindo nikakisikia mimi niliye benchini. Hakuvunjika popote. Mwalimu alimpima shingo, mikono, miguu, akamwambia apumzike kisha ajaribu tena.

Hakujaribu. Alikimbia mpaka kwenye ubao akasimama. Akarudi, akakimbia, akasimama. Mara nne.

"Si nilisema ni woga?" Mwalimu akaniambia tulipokuwa tunatoka, kwa upole kabisa, maana si mtu mbaya. Nikatamani sakafu inimeze. Kabla ya hapo huyu mtoto hakuwa na cha kuogopa, hakuwahi kufika juu.

Ijumaa, 19 Aprili
Leo nilikuwa karakanani napigilia misumari kwenye kiti, Nukta anafanya hesabu zake kwenye kochi la mteja. Nikaweka nyundo chini.

"Nukta. Ule ubao niliutengeneza mimi. Zile springi nane ni zangu."

Hakuinua kichwa. "Najua. Niliona mafundo Jumapili."

"Mbona hukusema?"

"Mimi? Wewe ndiye ulikuwa useme."

Nikakaa kwenye kiti kisichokamilika. Nikamwomba anisamehe. Akaandika namba mbili tatu, akafuta moja, akapuliza vumbi la kifutio.

"Mimi uliniita mwoga mbele ya watu wote," akasema. "Wewe unaomba msamaha humu, tuko wawili."

Nilitaka kumuuliza hiyo ni adabu gani ya kuongea na shangazi yake. Miaka tisa! Niliona aibu, aibu hasa. Nina miaka hamsini na moja na sikumbuki lini mara ya mwisho niliona aibu hivyo. Nilijikaza, nikamaliza kile kiti. Nimekimaliza vibaya, kesho nitakifumua.

Jumamosi, 20 Aprili
Nimesema.

Nilimwomba Mwalimu dakika moja kabla hawajaanza. Wasichana saba walikuwa wamekaa sakafuni, wazazi benchini. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, ikanitoka yote kichwani. Nikasema tu hivi: "Zile springi ngumu nilizitia mimi, miaka mitatu iliyopita. Mwalimu aliuliza ni mjinga gani, mjinga ndiye mimi. Nukta alisema ubao ni mgumu nikamwita mwoga. Hakuwa mwoga. Alikuwa anasema kweli, mimi ndiye niliyesema uongo, na Jumamosi iliyopita mkanipigia makofi."

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Mama wa sweta alinitazama kwa macho ambayo nitayakumbuka, na wiki ijayo alikuwa aniletee viti vinne. Sijui kama ataleta. Mwalimu aliishika filimbi yake, akaiachia. Akasema, "Na mimi miaka miwili sikuugeuza ubao huo hata siku moja, Shangazi." Kisha akamgeukia Nukta, akamwambia, "Nisamehe na mimi." Nukta akasema, "Haya."

Tulipoanza safari ya nyumbani mvua ilikuwa nyepesi. Nikamuuliza kama tumeelewana. Akasema anafikiria.

Katika mazoezi yenyewe alisimama mbele ya ubao mara tano.

Jumatatu, 22 Aprili
Alisimama mara nne. Mara moja aligusa meza kwa mikono, akashuka. Mwalimu amepunguza urefu wa meza na anasimama pembeni kumshika.

Nikamuuliza nifanye nini. "Usiniambie nisiogope," akajibu. Nikamwambia sawa. Kisha nikauliza nimwambie nini basi. Akafikiri. "Niulize naogopa kiasi gani." Nikamuuliza. Akasema sana, hasa pale kichwa kinapokuwa chini na hajui sakafu iko wapi. Nikamwambia hata mimi ningeogopa hapo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na kumbe mtoto huyu anaeleza mambo vizuri kuliko wateja wangu wengi.

Jumatano, 24 Aprili
Amevuka mara mbili kwa meza ya chini, Mwalimu akimshika kiunoni. Bila kushikwa, hajavuka. Mama wa sweta ameleta viti viwili.

Ijumaa, 26 Aprili
Mvua haikunyesha. Tumekula mapema. Akaniuliza mkaguzi wa mtihani akimrudisha kundi la wadogo nitamwambiaje mama yake. Nikasema nitamwambia ilivyotokea, yote, kuanzia springi. Akasema, "Na zile wiki tano?" Nikasema na zile wiki.

Jumamosi, 27 Aprili
Mkaguzi ni mama wa makamo mwenye miwani na kalamu mbili. Hakucheka na mtu. Kila msichana ana nafasi mbili, meza iko urefu wa kawaida, na kumshika mtoto hairuhusiwi.

Sita walitangulia. Wote walivuka. Nukta aliitwa wa mwisho.

Nafasi ya kwanza alikimbia, akafika kwenye ubao, akasimama. Mkaguzi akaandika. Yule msichana mkubwa alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Nukta akarudi mwanzo wa njia taratibu. Akanitafuta kwa macho kwenye benchi. Sikumwambia jikaze, sikumwambia usiogope. Nilinyanyua mabega, kumuuliza kiasi gani. Akatanua mikono yote miwili mpaka mwisho.

Akakimbia.

Alikanyaga ubao, ukamrusha, mikono miwili ikashika meza, miguu ikapita juu, na nikaona wazi pale pabaya alipopasema, kichwa chini, macho wazi. Akapita. Akatua kwa miguu. Akasimama kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, kisha akakaa chini. Wasichana wakapiga kelele za kupasua paa. Mimi nililia. Naandika hivyo hivyo, nililia mbele ya watu na wala sikujificha.

Mkaguzi alisubiri kelele ziishe. Alama za kupita ni kumi na mbili. Nafasi moja imepotea, mikono ilipinda, kutua kumeharibika. Amempa kumi na nusu. Muhula ujao Nukta yuko kundi la wadogo.

Mwalimu alijaribu kuomba. Mkaguzi akamwambia mtoto huyu anahitaji wiki chache tu za mazoezi, angekuwa nazo angepita bila tatizo. Alisema kwa nia njema, akafunga kalamu zake. Mwalimu hakunitazama.

Nukta alivaa viatu mwenyewe. Macho yalikuwa mekundu, lakini alitembea mbele yangu. Tulipofika karibu na maduka akapunguza mwendo.

"Shangazi, ningekuwa na zile wiki ningepita?"

"Ungepita."

"Kweli?"

"Kweli. Nilikupotezea mimi."

Hakuniambia si kitu. Nilimshukuru kwa hilo kimoyomoyo, maana ni kitu, na wote wawili tulijua. Tukaendelea kutembea. Kwenye barabara kubwa magari yalikuwa mengi na maji yametuama pembeni. Akasimama ukingoni, akasubiri nifike, akanishika mkono, tukavuka.